Bi Mwamvita Kafunga Mdomo

Kijiwe chetu kiko Ng'ambo ya Tabora, pale lami inapochoka na kugeuka mchanga. Benchi lenyewe ni taruma la reli, la chuma, limelazwa juu ya mawe. Jua likiwaka hulikalii bila kutandika gunia, na mgeni asiyejua huruka akajishika makalio. Alilileta Mzee Hilari, dereva wa treni mstaafu, ambaye tunamwita Honi kwa sababu akianza kusema hapunguzi sauti mpaka afike. Pembeni yake hukaa Yahaya wa bajaji, jina la kijiweni Bando, kijana asiyeamini jambo mpaka alione kwenye simu, na akishaliona kwenye simu huliamini hata kama ni la kijinga. Nurdini anamimina kahawa na kuuza kashata za karanga. Mimi natengeneza baiskeli hapohapo, wananiita Spoku. Wa mwisho ni Mfaume, muuza asali, Mzinga kwa jina la utani, ambaye nyumba yake inatazamana na benchi letu. Siku ninayoisimulia, baada ya swala ya alasiri, Mfaume alikuja akakaa bila gunia na hakuruka. Hapo nikajua kuna jambo.

— Mzinga, umekalia moto, — nikamwambia.

— Acha uniunguze. Mama hajala tena leo.

Bi Mwamvita si mama wa Mfaume peke yake. Nusu ya mtaa huu kaulea yeye, kwa vitumbua na kwa makofi, na mimi nilipata vyote viwili. Tangu mvua za mwaka huu alipopigwa na kiharusi, mkono wa kulia umelala na ulimi umekuwa mzito, ila kula alikuwa anakula. Sasa kaanza kusukuma bakuli. Amebaki mifupa na macho, na kwa kweli mimi nilikuwa naogopa kwenda kumjulia hali, kwa sababu yale macho yanauliza kitu na mimi sijui yanajibiwaje.

— Hata uji? — Nurdini akauliza, huku akimpa kikombe.

— Hata uji. Anafunga mdomo hivi, anavuta kanga usoni, machozi yanamtoka. Mama anaaga, jamani. Nimeshapiga simu kwa ndugu. Ijumaa wanakuja wote. Tutamsomea Yasini, aende kwa heshima zake.

— Usimuage mtu ambaye mwenyewe hajaaga, — Honi akasema. — Wahenga walisema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

— Sasa hapo ngamani imeingiaje? — Bando akadakia. — Mzee, wewe ni mtu wa Tabora. Ngama ya jahazi utaijulia wapi?

— Reli inaishia wapi? Inaishia baharini. Nimefika baharini mara nyingi kuliko wewe ulivyofika Urambo.

— Umefika stesheni, mzee. Bahari uliisikia harufu tu.

Nikawakatisha, maana hawa wawili wakianza hawamalizi.

— Mfaume, hospitali mlienda?

— Tulienda. Daktari kapima presha, kapima sukari, kapima malaria. Havina neno. Akasema bibi afungue mdomo aone. Mama akakaza midomo, kanga hiyo usoni. Basi daktari akanigeukia mimi: vipi meno yake? Nikacheka, wallahi. Nikamwambia, daktari, hapo umekosea njia. Mama yangu ana meno yote, utadhani mwanafunzi. Kaulize Ng'ambo nzima.

Na kweli angeuliza, Ng'ambo nzima ingemjibu hivyohivyo. Meno ya Bi Mwamvita yalikuwa fahari yetu. Wazee wa rika lake wote wamebaki na mapengo, yeye akicheka unaona safu mbili nyeupe zimenyooka. Watu wakija harusini walikuwa wanaonyeshwa: tazameni mama wa mtaa huu, kazaa, kazika, kafika umri huu, na karanga anatafuna.

— Ni asali, — Mfaume akasema. — Nimemlisha asali ya porini tangu ujana wangu.

— Ni mswaki wa mti, — akasema Honi. — Huu mswaki wa dukani ndio umetumaliza.

— Asali ni sukari, wazee. Sukari inatoboa meno, — Bando akasema, kidole kiko kwenye simu. — Nimeisoma leoleo.

— Sukari ya kiwandani! Sukari ya nyuki ina adabu zake.

— Kwa hiyo meno hayana tatizo, — nikasema. — Tumbo halina tatizo. Basi tatizo liko wapi?

Hapo sasa ndipo kijiwe kilipoamka. Kijiwe chetu ukikiuliza swali lisilo na jibu, kinakupa majibu manne.

Bando alitangulia.

— Mimi nawaambia ni mnara. Ule mnara wa simu nyuma ya shule ulisimamishwa lini? Mwaka huu. Mama kaanza kukataa chakula lini? Mwaka huu. Mawimbi yanaingia kichwani, yanakata ile waya ya njaa.

— Na wewe unalala chini ya mnara huohuo, mbona unakula kashata ya tatu? — Nurdini akamuuliza.

— Mimi mawimbi yameshanizoea.

— Hamna kitu, — akasema Honi, na akavuta pumzi ya dereva anayekaribia stesheni. — Tatizo ni ratiba. Bi Mwamvita kaishi miaka yote na treni. Treni ya alfajiri ikipiga honi, yeye anaamka, anaomba chai. Ya jioni ikipiga, anaomba ugali. Tumbo lake lilijipanga na ratiba ya reli. Sasa ratiba imebadilika. Tumbo limekaa stesheni, linasubiri, treni haiji. Wahenga walisema, chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

— Mwana gani tena? — akauliza Nurdini.

— Mwana ni njaa. Fikiria mwenyewe.

Nurdini akafikiria mwenyewe, akashindwa, akamimina kahawa. Yeye alisema dawa ni kahawa chungu yenye tangawizi, inafungua kifua. Mfaume akasema walishajaribu: mama alipoonja ya moto alishtuka, akapiga kikombe kwa mkono wa kushoto, kikavunjika.

Na mimi, kwa kuwa nimeapa kusema ukweli, nilikuwa na langu. Nilisema labda ameweka nadhiri. Nilisema mjukuu wake Hafsa yuko chuoni Dodoma, na huenda bibi kajizuia kula mpaka mjukuu arudi na shahada. Nikaeleza kwa kirefu. Nilipomaliza hakuna aliyecheka, na hilo ndilo linalonitisha kuhusu kijiwe chetu: ujinga ukisemwa kwa utulivu unakaa kitako.

— Lakini kuna kitu anakitaka, — Mfaume akasema. — Kuna saa anainua huu mkono wa kushoto, anaingiza kidole mdomoni, anaguna. Anaguna kwa nguvu zote. Mimi ni mwanawe, najua. Anataka asali. Namwekea asali ulimini kwa kijiko. Basi analia.

— Machozi ya shukrani, — akasema Honi.

— Ndivyo nilivyoona mimi.

— Jamani, kama ni ratiba, dawa si ipo? — Bando akaruka. — Nina honi ya treni kwenye simu, nimepakua. Twende dirishani tumpigie, tuone kama hataomba ugali.

— Simu yako ina sauti ya mbu, — akasema Honi, na kabla hatujamshika alikuwa katikati ya njia, mikono mdomoni, anatazama dirisha la Bi Mwamvita. — Puuuuu! Pu-puuuuu!

Kuku wa mtaa walikimbia. Mbwa wa mbali aliitikia. Dirisha lilifunguka, na aliyetokeza alikuwa Shamimu, mke wa Mfaume, kitambaa kichwani na macho mekundu. Hakutukana. Alitutazama mmoja mmoja, watu wazima na mvi zetu, akafunga dirisha polepole. Honi akarudi akakaa, na alisahau gunia.

— Auu!

Siku nyingine tungecheka mpaka magharibi. Siku hiyo tulicheka kidogo tukaacha, kwa sababu Mfaume hakuinua kichwa.

— Mnataka niwaambie ukweli? — akasema. — Si mnara wala si treni. Ni huyo aliyefungua dirisha.

Niliacha kuzungusha gurudumu. Shamimu kaolewa nyumba ile akiwa binti, na Bi Mwamvita ndiye aliyempokea mlangoni. Tangu kiharusi, ni Shamimu anayemgeuza mama kitandani, anayemwogesha, anayemsuka. Mimi naiona kamba yake ya nguo kila siku, mashuka yamejaa.

— Kafanya nini Shamimu?

— Hata kusema naona haya. Kaniambia... — Mfaume akashusha sauti. — Kaniambia mdomo wa mama unanuka. Mdomo wa mama yangu! Ulionibembeleza nikiwa mchanga! Nikamwambia, Mama Hafsa, kama umechoka kumlea mama yangu, sema umechoka. Usimvunjie heshima. Ndiyo maana mama hali. Mtu mzima anajua anapodharauliwa. Kesho Shamimu anaenda kwao Choma, akapumzike kidogo. Shangazi atakuja kupika.

— Kidogo kiasi gani? — nikauliza.

Akainamia kikombe chake.

— Meno ya mbwa hayaumani, — akasema Honi kwa huruma.

— Unamwita mama yangu mbwa?

— Ni methali, Mzinga! Maana yake watu wa nyumba moja...

— Tafuta yenye mnyama mwingine.

Nilimkasirikia Mfaume. Nampenda, tumekua pamoja, tumepigana na tumepatana, lakini siku hiyo nilimwona mtu mwenye huzuni anayetafuta wa kumbebesha, na kamkuta aliye karibu. Nilitaka kumwambia. Nikaona nitaongeza moto, nikarudi kwenye gurudumu langu. Ndivyo tulivyo sisi wa kijiweni: tuna maneno ya kila kitu isipokuwa lile linalotakiwa.

Tulikuwa katika hali hiyo bodaboda iliposimama, akashuka mama mmoja wa umri wa Bi Mwamvita, au karibu yake, kitenge kipya, rozari shingoni, kuku mwekundu kafungwa miguu mkononi. Alikuwa anachechemea kidogo lakini alisimama wima.

— Hamjambo, wanangu.

— Shikamoo, mama, — tukaitikia wote.

— Marahaba.

Honi aliiona rozari, akasimama kwa adabu.

— Tumsifu Yesu Kristo.

— Milele na milele, amina. Nauliza kwa Mfaume wa asali, mtoto wa Mwamvita.

Mfaume aliinuka kama aliyeitwa na mwalimu.

— Ndiye mimi. Mayu Pelagia! Mayu wa Urambo!

Akampokea kuku, akamkalisha kwenye gunia, gunia mbili kabisa. Mayu kwa Kinyamwezi ni mama, na hapo tukaelewa ni nani. Zamani msimu wa tumbaku Bi Mwamvita alikuwa anapanda treni na furushi la kanga kwenda kuuza Urambo, wakulima wakishalipwa, na alikuwa analala kwa huyu mama. Mmoja Mwislamu wa mjini, mwingine Mkatoliki wa shambani, lakini walikuwa wanaitana pacha. Alipopata simu ya Mfaume kwamba waje kumuaga, hakusubiri Ijumaa.

Nurdini akampa kahawa. Aliipuliza muda mrefu, akanywa kwa upande mmoja wa mdomo. Mfaume akamweleza yote: kiharusi, mkono, uji, machozi, daktari. Habari ya Shamimu akaipitia juujuu, lakini yule mama aliisikia. Alikuwa anasikiliza ameinamisha kichwa, anatikisa tu. Mwishoni akauliza, taratibu, kama anayeuliza chumvi iko wapi:

— Na meno, mwanangu? Nani anamvua meno akilala?

Tukatazamana.

— Anamvua nini, mayu?

— Meno.

Mfaume akacheka, cheko la mtu aliyechoka.

— Mayu, labda unamchanganya na mwingine. Yule ni mama yangu. Meno yake ni yake.

Bi Pelagia alitutazama sisi wengine, akaona hatuna dalili ya kuondoka. Akamvuta Mfaume mkono, kando, hatua chache kutoka kwenye benchi. Benchi halikusogea. Masikio yalisogea.

— Aliniapisha, — akasema. — Mimi nilishika rozari, yeye akashika Msahafu, kila mtu na chake, kwamba siri hii hatoki nayo mtu, na hasa usiisikie wewe. Nimeitunza. Lakini kiapo cha kumuua mwenzangu sikukila. Mfaume, mama yako hana jino. Hana hata moja.

— Mayu!

— Sikiliza. Ulipokuwa unataka kuoa, alikuwa amebakiwa na machache, yote ya nyuma, na yanauma. Wewe ulikuwa porini na mizinga yako, ukirudi unamkuta na kanga mdomoni unadhani ni haya za kina mama. Akaniambia, Pelagia, nitampokeaje mkwe kwa mapengo haya? Mtoto wa watu atasema kaletwa kwa vibogoyo. Tukaenda kwa daktari wa meno, yeye na mimi. Akatung'oa mabovu, akatutengenezea mengine. Ya juu na ya chini. Wewe uliporudi kutoka porini ukakuta mama anacheka.

— Nilidhani anafurahia harusi, — Mfaume akasema polepole.

— Alikuwa anafurahia harusi. Na meno pia.

Mfaume alitikisa kichwa. Alitikisa tena. Nilimwona anavyokataa, na sikumlaumu, maana hata mimi nilikuwa nakataa. Meno yale tulikuwa tunayaonyesha kwa wageni.

— Haiwezekani, mayu. Samahani, wewe ni mzazi wangu, lakini haiwezekani. Tunaishi naye nyumba moja.

Basi Bi Pelagia akafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka naona haya kwa niaba yake, na namheshimu. Alitugeuzia mgongo. Akainua kitenge chake kikamfunika uso. Mabega yakatikisika kidogo. Alipogeuka, mashavu yalikuwa yameingia ndani, midomo imekunjamana, amezeeka ghafla mbele yetu, na mkononi, juu ya leso safi, yamelala meno yake. Bando alidondosha simu. Mama yule alikuwa amekuja amevaa vizuri, amebeba kuku, na sasa amesimama barabarani Ng'ambo mbele ya wanaume wasio ndugu zake, mdomo wazi hauna kitu.

— Na mimi ninayo, — akasema. — Ukilala, unayavua. Unayaosha, unayaweka kwenye maji, fizi zinapumua. Niliumwa homa nikakaa nayo siku chache tu, nikapata vidonda mdomo mzima, hata maji yalikuwa yanachoma. Mama yako alikuwa anazima taa kwanza, ndipo anavua. Anaweka bakuli chini ya kitanda. Alfajiri anavaa kabla hamjaamka. Na mkono aliokuwa anavulia ni huo wa kulia uliolala. Sasa nawauliza tena, nyinyi wote. Tangu huo mkono ulale, nani anamvua?

Honi alifungua mdomo atafute methali, akaufunga. Bando hakuokota simu. Nurdini alikuwa ameshika birika hewani na kahawa inamwagika mchangani. Mimi niliangalia chini.

— Kidole, — Mfaume akasema. Sauti haikuwa yake. — Alikuwa ananionyesha. Alikuwa ananiambia nimvue, na mimi nampaka asali. Kwenye vidonda. Ya Rabi, kila siku nampaka asali.

— Hukujua, mwanangu.

— Na daktari aliniuliza! Aliniuliza mimi, nikacheka!

Alivuka njia bila viatu, ndala zake zikabaki chini ya taruma. Bi Pelagia akayarudisha meno yake chini ya kitenge, akamfuata kwa kuchechemea. Mlango ulifunguliwa na Shamimu, begi la safari liko nyuma yake ukutani, limeshafungwa. Wakasimama, mume na mke, na sisi tuko ng'ambo ya njia tunasikia kila kitu, kwa sababu Mfaume hakujali tena nani anasikia.

— Mama Hafsa. Ulisema mdomo wa mama...

— Nilisema.

— Ulisema kweli. Nimekukosea. Nisamehe.

Shamimu alimtazama, akamtazama Bi Pelagia. Bi Pelagia akamsogelea, akamnong'oneza sikioni. Yule mwanamke alijishika kifua.

— Utaniomba radhi baadaye, — akamwambia mumewe. — Sasa hivi lete maji ya uvuguvugu na chumvi. Yasiwe ya moto. Mayu, karibu ndani.

Nurdini hakungoja kuambiwa. Alibeba ndoo yake ya maji safi na birika la maji ya moto, akachanganya huku anajaribu kwa kiwiko kama anayemwogesha mtoto, akakabidhi mlangoni. Mlango ukafungwa. Wanawake ndani, Mfaume kizingitini, sisi kwenye chuma chetu.

Tulikaa. Mteja alikuja kuchukua baiskeli yake nikamwambia kesho. Kutoka ndani tulisikia ukelele mmoja mfupi, wa maumivu, Mfaume akapiga paji la uso kwenye mlango. Kisha sauti ya Shamimu, chini, inasema pole mama, pole, basi, yametoka, basi. Kisha maji yanatemwa kwenye beseni. Honi alikuwa analia wazi, na hakujisingizia moshi.

Shamimu alitoka jasho linamtiririka. Akatuambia sote, maana tulishakuwa familia kwa nguvu:

— Yametoka yote. Fizi zimechubuka, kuna vidonda, na chini yake mmejaa chakula cha siku nyingi. Tumemsafisha taratibu. Yahaya, kesho asubuhi utatupeleka kwa daktari wa meno.

— Saa yoyote, shemeji. Hata sasa hivi.

— Kesho. Sasa hivi anakunywa uji. Kidogokidogo, uliopoa, lakini anameza mwenyewe.

Alhamdulillah ilitutoka midomo yote, hata ya Honi. Mfaume alimpita mkewe akaingia ndani karibu kwa kukimbia. Hakumaliza hata dakika. Alitoka kinyumenyume, akaja mpaka kwetu, akakaa, na sikuweza kujua kama analia au anacheka.

— Vipi? — nikamuuliza. — Umemwona?

— Sijamwona. Alivuta kanga mpaka machoni. Akanyoosha ule mkono wa kushoto, akanionyesha mlango. Akasema, toka.

— Alisema?

— Alisema, Spoku! Neno zima, limenyooka. Toka! — Sasa alikuwa anacheka, machozi yanaingia kwenye ndevu. — Mama kanifukuza. Kanifukuza kama zamani.

Nurdini akampa kikombe. Nikamuuliza habari ya Choma. Akaangalia upande wa mlango wake, akasema hilo sasa ataamua Mama Hafsa, yeye hana mdomo tena. Nikamuuliza habari ya ndugu wanaokuja Ijumaa, kwamba awapigie wasije?

— Waje, — akasema. — Waje wote, tutachinja kuku wa mayu. Lakini atakayefika apige hodi, asimame hapo nje, asubiri mpaka mama mwenyewe aseme karibu.